Fyuzi Iko Mfukoni Mwangu

Mama Ivan,

Msihangaike na swichi kubwa. Hata mkiiwasha hakuna kitu, fyuzi nimeondoka nayo. Chai iko kwenye chupa. Nyama ya friji ipikwe leo, yote.

Asubuhi Concy, mpangaji wetu wa chumba cha mwisho, alikuwa anaanika nepi. Ule waya wa kuanikia umefungwa kwenye mabati. Umeme ukamrusha hadi kwenye beseni. Ivan wako akacheka: "Mzee, hiyo iko kidogo tu. Avae ndala."

Ndala! Siku hizi nyumba ya kupanga inakaguliwa kwa ndala? Na wewe ukanong'ona kwamba fundi akija atatoboa kuta. Nilisikia. Masikio yangu hayajastaafu.

Mimi kule jeshini nilikamata radi kwa mkia, ikaniomba msamaha. Lakini Concy hajapita jeshini, na mtoto wake ndiyo kwanza anatambaa.

Naenda mjini Koboko kumchukua Kamisi, yule fundi wa umeme mwenye leseni. Atakagua kuanzia kwenye mita hadi chumba cha mwisho, na chetu pia. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi naye, hata ikiwa kesho.

Nepi zianikwe kwenye kamba niliyofunga uani. Ivan akitaka soda zake zipoe, aziweke kwenye mtungi. Akikasirika, aje Koboko anipekue mifuko.

Taa ya sola mpeni Concy. Sisi wenye nyumba tukae gizani, labda tutaona.

Mzee wako