Mabasi Bila Watu

Kuze, Mombasa
Mfunguo Tano, 1366

Kwa dadangu mpenzi Mwanakuu, Kismayu,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na heshima ya mdogo kwa mkubwa wake. Natumai ile homa iliyokushika wakati wa matanga imekwisha kukuacha, na kwamba unakula, maana nakujua, ukiwa na msiba chakula hakikupiti. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mke wangu Khairiya anakusalimu sana, na majirani hawajaacha kumwombea marehemu mwanao.

Waraka wako umenifikia. Umesema ile picha niliyokuletea umeitia fremu, wanawake wa mtaa wanakuja kumwona Gharib, na usiku unalala nayo kifuani. Umesema pia kwamba inakutesa, kwa kuwa mwanao amefumba mdomo, nawe unajiuliza alikuwa na dhiki gani huku ugenini hata asicheke. Hilo, dada, limeninyima usingizi.

Hujapata kuiona ile kazi yangu ya kipuuzi, basi nikueleze. Wajua mimi nasomesha chuo cha Kurani na watoto wananiogopa. Lakini tangu kabla ya vita nina kamera ya sanduku, na nilichopenda kupiga ni mabasi ya zamani tu, yale yenye bodi za mbao zilizoundwa na maseremala, yanayowashwa kwa kuzungusha hendeli mpaka bega liteguke. Wakati wa vita mapya hayakuja, makuukuu yakawa yanakwenda hivyo hivyo, yamefungwa kamba. Sasa mapya yameshuka bandarini na yale ya zamani yanapasuliwa kuni. Alasiri chuo kikiisha, mimi huyoo, Bondeni, kuyawahi kabla hayajakwisha. Watu walinicheka, wakasema mwalimu kapandwa na shetani wa mabati. Niliwaacha waseme.

Gharib ulinikabidhi hajaota hata ndevu. Kisha vita vikafunga njia, kisha udereva ukamfunga yeye, na hukumtia machoni tena. Basi alilopewa lilikuwa kuukuu kuliko yote, nami nimelipiga picha nisizoweza kuzihesabu. Kila mara nilimshusha yeye na abiria wake, wakasimama wote nyuma yangu, kwa kuwa nimeshika kauli ya masheikh wetu kwamba picha ya chenye roho ni haramu. Basi halina roho. Abiria walinung'unika, yeye akicheka huku kajishika mbavu, akinitania kwamba mjomba wake anapenda mabati kuliko mpwa.

Kichomi kilipomchukua, nawe ukaniomba picha moja tu, uujue uso wake wa ukubwani, nilizimwaga zote mkekani. Nikaona magurudumu, nikaona mbao, nikaona usukani hauna mtu. Mwanao hamna. Nililia mpaka Khairiya akaja kufunga mlango, watoto wa chuo wasinione.

Sasa nisikilize, dada, na kama umesimama kaa kitako. Huyo aliye kwenye fremu yako si Gharib. Ni Joab, utingo wake, kijana Mjaluo kutoka bara, Mkristo. Nilishindwa kukwambia kwamba sina. Nikamvisha kofia ya marehemu, nikamketisha kwenye usukani wa basi lile lile kabla halijapasuliwa, nikamwamuru afumbe mdomo, maana kwao hung'olewa meno ya chini, na wewe ungejua. Joab hakutaka. Alisema mama wa mtu hadanganywi kwa mwanawe aliyekufa. Nilimkemea kama ninavyowakemea watoto wangu wa chuo, akatii kwa kunistahi. Kwa hiyo huzuni unayoililia ni yake yeye. Gharib hakuwa na dhiki, dada. Wallahi alicheka mpaka homa ilipomzidi nguvu.

Pengine ningenyamaza, sikufichi. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Joab amepata kazi kwenye lori linalokuja huko kwenu, na ameapa kwamba akifika tu atakuja kukuomba radhi, nipende nisipende. Waraka huu nimemkabidhi jirani yetu anayetangulia mbele yake, usije ukaitikia hodi, ukafungua mlango, ukamwona maiti wako amesimama barazani na mzigo mkononi. Ningekuua kwa mkono wangu.

Picha ukitaka ichome, ukitaka iache, shauri lako. Ila huyo kijana mpokee. Amekula na mwanao sahani moja, wamelala gari moja, na ndiye aliyempakata kichwa siku ile ya mwisho, mimi niko chuoni nasomesha. Akishamaliza kuomba radhi, mwambie akuigie Gharib alivyokuwa akicheka. Analijua lile cheko. Mimi nimelijaribu hapa peke yangu, nimeshindwa.

Khairiya anakuomba usiache kula. Nami nakuomba msamaha, na kama huna msamaha wa kunipa, niandikie vivyo hivyo, hata kwa kunitukana.

Ni mimi nduguyo mdogo,
Abdulhalim