Vali ya Sufuria Namba Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Sufuria namba mbili imeunguza tena. Mara ya tatu tangu boila jipya la mvuke liwashwe. Tani mbili za rojo la nyanya, chini nyeusi tii. Kiwanda kizima kinanuka.

Meneja amefoka mpaka mishipa ya shingo imemtoka, kisha akamsimamisha kazi Mzee Sikio, mwendesha mitambo wa zamu ya asubuhi. Tunamwita Sikio kwa sababu anasikiliza mabomba kama daktari anavyosikiliza kifua. Eti kompyuta inaonyesha kila sufuria ilipoungua, Mzee alikuwa ameitoa vali ya mvuke kwenye oto, pale inapojiendesha yenyewe, anaiendesha kwa mkono. Kinyume cha kanuni. Kikao ni Jumatatu ijayo. Wakimkuta na kosa, anafukuzwa—miezi mitano kabla ya kustaafu!

Hakubishana. Alichukua kofia yake, akaaga mtu mmoja mmoja, hata mimi. Roho imeniuma sana.

Na mimi ndiye fundi wa vipimo, kwa hiyo rekodi ya kumtia hatiani nitaitoa mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimechapa grafu. Nimezikodolea macho hadi chai ikapoa.

Mstari wa joto unaanza kupanda na kushuka wenyewe, vali ikiwa bado kwenye oto. Dakika nne, tano hivi. Ndipo Mzee anaishika kwa mkono. Mara zote tatu! Hakuwa anaharibu, alikuwa anaokoa. Alichelewa tu.

Ningeishia hapo ningekuwa na furaha. Lakini macho hayana adabu. Vali inafanya kazi ikiwa wazi asilimia saba. Saba! Ikiwa sita, joto linaanguka. Ikiwa nane, linaruka. Inahangaika huku na huku, haipati pa kutulia. Ni kubwa mno kwa sufuria ile.

Na aliyeichagua nani? Miye hapa. Miaka miwili iliyopita, wiki yangu ya sita kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeitafuta fomu ya kuagizia. Nimeipata. Sahihi yangu kubwa kama ya waziri.

Sufuria ilihitaji mvuke kiasi fulani, sawa. Ofisi ya mipango ikaongeza robo, maana ingekuja sufuria ya tatu. (Haijaja hadi leo.) Mimi nikaongeza robo nyingine, "kwa usalama". Muuzaji naye akapanda saizi moja. Kila mtu alitia chumvi yake, na hakuna aliyeonja.

Halafu aina yenyewe! Nilichagua vali ya tufe, ile yenye mpira wa chuma uliotobolewa unaozunguka ndani. Nilipenda kwamba inapitisha mvuke mwingi. Nzuri sana kwa kufungua na kufunga. Lakini kwa kuachia mvuke kidogo kidogo? Kwa saizi ile, ukiigusa tu unaleta mafuriko. Nilitakiwa kuchukua ya kizibo kinachopanda na kushuka, saizi mbili chini. Boila la zamani lilikuwa na presha ndogo, likanisitiri. Hili jipya limeniumbua.

Nilimweleza dada yangu nyumbani, wakati tunakunja nguo. Akasema kwa hiyo nilimnunulia mtoto viatu vya kukulia, sasa mtoto anajikwaa, tunamchapa mtoto. Dada hajui vali ni kitu gani, lakini ulimi wake unajua pa kuchoma.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeifungua vali, mimi na fundi bomba. Tufe limeliwa ukingoni, mahali pamoja tu, pale mvuke unapochungulia. Kwingine linang'aa kama limetoka dukani jana. Miaka miwili limeishi karibu limefungwa. Hata asiye fundi angeona.

Fundi bomba aliligeuza geuza, akauliza nani alituletea hili dubwana. Nikamwambia anipe kitambaa nifute mikono.

Kitambaa! Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimefua kila kitu, hata nguo safi. Mkataba wangu unaisha Juni. Nikisema, nani ataniongezea? Nikinyamaza, sijadanganya mtu, nimempa meneja rekodi aliyoiomba, basi. Nimejiambia hivyo mara tatu. Hainiingii.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi. Naandika kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha kikao. Bahasha mbili mapajani: moja aliyoiomba meneja, nyingine ina fomu yangu na picha za lile tufe.

Mzee Sikio amekaa kando yangu, shati limenyooshwa pasi mpaka kola. Aliniuliza mama hajambo. Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, Mzee, vali ile niliichagua mimi, ni kubwa mno, kosa ni langu.

Akasema anajua.

Anajua! Tangu wiki ya kwanza vali ilipowekwa. Alisikia bomba linavyogugumia, akaanza kuishika kwa mkono kila asubuhi, taratibu, kwa kusikiliza. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, mwanangu, ulikuwa mgeni, na wote walikuwa wanakungoja ukosee. Alidhani siku moja ningeshuka kumuuliza kwa nini haiachi kwenye oto.

Miaka miwili. Kutoka ofisini kwangu hadi kwenye sufuria yake ni ngazi kumi na nne. Nimewahi kuzihesabu, siku lifti ya mizigo ilipoharibika. Kumuuliza sijawahi.

Sasa ananiambia nisilete ujinga humo ndani. Yeye kabakiza miezi mitano, mimi nina safari ndefu. Boila jipya lina haraka, anasema, na masikio yake yamezeeka. Anacheka! Namwonea huruma mpaka hasira zinanipanda, sijui hata namkasirikia yeye au najikasirikia mwenyewe.

Mlango umefunguka. Karani anamwita yeye. Mzee amenikandamiza bega nibaki nimekaa, mkono mzito kweli.

Nimeinuka, bahasha zote mbili mkononi.