Goti Langu na Fimbo Zenu

Mwimbi, Ufipa

Kaka yangu Maganga, mkuu wa nyumba yetu,

Shikamoo. Shikamoo pia Mama, ambaye najua ameketi karibu kabisa na msomaji ili neno lisimpite. Nawasalimu ninyi nyote mliokusanyika hapo uani, na nawaomba utulivu ule mnaompa mtu anayesimama kusema mbele ya ukoo. Je, mvua zimewafikia? Kifua cha Mama kimetulia? Mimi niko hai, nakula vizuri, na upepo wa nyanda hizi za juu bado unanikata masikio kila asubuhi.

Dereva wa lori la mahindi ameniletea habari kwamba wadogo zangu, Kulwa na Doto, wamechonga fimbo mpya, na kwamba mara tu pamba itakapouzwa watapanda basi kuja kulipiza kisasi cha goti langu. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Kaka, isome kwa sauti mpaka mwisho, hata pale itakapowaudhi.

Mlichosikia ni nusu. Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua mahindi, malori hufika hadi mlangoni, na kila mtu hapa amepanua shamba lake. Hata njia tuliyozoea kupitishia ng'ombe kwenda mtoni imelimwa. Jirani yangu, Mzee Kapele, alipanda mahindi juu yake. Siku moja maksai wangu wawili, niliokuwa nikiwafundisha kuvuta jembe, walikata kamba wakafuata njia yao ya zamani, wakazama ndani ya mahindi yale. Nilipowafikia, Damas, mwana wa Kapele, alikuwa amekwisha kumkata mmoja panga la mgongo. Nyama ilikuwa imefunguka kama mdomo, na mnyama alikuwa akizunguka huku akilia.

Sikuuliza neno. Nilimpiga Damas fimbo ya bega hadi panga likamtoka mkononi. Aliokota jembe, akaligeuza, akanipiga kwa mpini upande wa ndani wa goti wakati mguu wangu umekita ardhini na kiwiliwili kikigeuka kumkwepa. Nilisikia mlio kama wa muwa unaovunjwa. Nilipotazama, pia ya goti ilikuwa imehama, imekaa ubavuni mwa mguu, na ngozi imevutika juu yake kama ngozi ya ngoma. Kaka, nililia kama ndama. Damas aliinua jembe mara ya pili, na ni wanawake waliokuwa wakipalilia jirani ndio waliomshika mikono. Haohao walinilaza, wakaunyoosha mguu polepole, na pia ya goti ikarudi mahali pake kwa mtikiso ulionifanya nitapike.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la watu wa kwetu. Mnajua tunavyomtibu ndama aliyevunjika mguu: vijiti pande zote, ngozi mbichi juu yake, kisha jua linakausha mpaka vyote vinakuwa kitu kimoja kigumu. Nilijifunga hivyo mwenyewe, nikakaa hivyo msimu mzima wa mavuno, nikijisifu kwa uvumilivu. Nilipoikata ile ngozi, paja langu lilikuwa limekonda kama mkono wa mtoto. Nilisimama nikitegemea mkongojo, na tangu hapo goti likawa adui ninayelala naye. Lilitoka nilipogeuka kuchukua ndoo. Lilitoka tena mnadani Matai, mbele za watu. Kijana mmoja aliyekunywa pombe ya ulezi aliniambia, "Msukuma, tuchezee basi ngoma ya kwenu." Niligeuka nimpige, nikaanguka kwenye mavi ya ng'ombe kabla ngumi haijamfikia. Walicheka. Mwingine akaja akalipiga teke goti lililokwisha kutoka, polepole, kama mtu anayepima boga kama limeiva. Maumivu yale siwezi kuyaandika mbele ya Mama.

Kutoka hapo nilipakiwa kwenye lori hadi hospitalini Sumbawanga. Mama mmoja anayetibu viungo aliutazama mguu, akaniuliza aliyeufunga ni nani. Nilipomweleza habari ya ndama, alisema, "Ndama alivunjika mfupa. Mfupa wako ni mzima. Pia ya goti inashikwa na nyama za paja na kano zake, nawe umezilaza usingizi. Sasa nani alilinde goti lako? Ngozi ya ng'ombe aliyekufa?" Kisha akaniagiza mazoezi ya kila siku ya kuliamsha paja, nikarudi nyumbani.

Wakati huohuo wazee wa kijiji walikuwa wamekaa na kuamua. Damas alime shamba langu mpaka siku nitakapotembea bila mkongojo kutoka nyumbani kwangu hadi barazani kwa wazee. Kwa kuwa fimbo ya kwanza ilikuwa yangu, nami nikipona niwalimie akina Kapele kwa maksai wangu. Baada ya hapo asiwepo wa kudai.

Asubuhi ya kwanza Damas alipokuja, nilikuwa nimeketi mkekani na panga chini yake. Nawaambieni bila kuficha: nilikuwa nimechagua mahali pa kumkata, hapo shingo inapokutana na bega. Alisimama mbali kidogo, jembe begani.

"Shikamoo, mzee. Nianzie wapi?"

"Anza na kaburi lako."

"Hilo nitalichimba," akajibu, "ila lako ndilo lililo karibu, mzee. Umekonda."

Nilijikuta nacheka, na mtu anayecheka mkono wake unalegea. Alikwenda kulima kwa desturi ya Wafipa, wanaofukia majani ndani ya matuta ya mviringo ili yaoze yawe mbolea, nami nilibaki nikifanya niliyoagizwa. Nanyoosha mguu, nakaza paja, nasukuma goti lishuke mkekani. Nainua mguu mzima ukiwa umenyooka, kisha nalala ubavu na kuuinua kwa upande. Baadaye nilifunga mfuko wa mchanga kwenye kifundo. Baadaye tena nikajifunza kuketi nusu na kusimama, goti likielekea vidole vya mguu bila kuangukia ndani. Siku nilipofanya uvivu, Damas alikuja kunisimamia.

"Inua, mzee. Mgongo wangu unaisha."

"Tangu lini unajali goti langu?"

"Sijali goti lako. Najali mgongo wangu. Inua."

Ndivyo tulivyoishi, kila mmoja akimchukia mwenzake na kumhimiza. Hasira haikuondoka. Kuna siku tulirushiana mabonge ya udongo mpaka mama yake akaja kutuaibisha. Ila paja lilijaa. Nilijifunza pia jambo ambalo nawasihi vijana mlishike, hasa wachezaji ngoma: usikite mguu ukageuza mwili juu yake. Geuza nyayo kwanza, mwili ufuate.

Majuzi yule maksai mwenye kovu alinigeukia na pembe tulipokuwa tukimvisha nira. Niligeuza nyayo, nikatoka njiani, na pembe ikapasua shati na kuparuza ngozi tu. Goti lilikaa. Damas alitazama goti kabla ya kutazama damu tumboni mwangu, kisha akasema, "Mzee, nadhani mimi nimemaliza."

Jumapili baada ya misa nilitembea hadi barazani bila mkongojo. Kapele na watu wake walikuwa upande mmoja, na upande wangu nilikuwa peke yangu. Mzee wa baraza aliniuliza, "Wewe, na ndugu zako walioko mbali, mna dai lolote juu ya nyumba hii?" Nilifikiri juu ya fimbo zenu. Nikasema, "Hatuna." Sikusema sina, nilisema hatuna, na wote walisikia. Kesho naanza kulima shamba la Kapele.

Kwa hiyo, Kulwa, na wewe Doto, sikilizeni. Nimetumia jina la ukoo mahali ambapo sina shahidi mwingine ila neno langu. Atakayeshuka kwenye basi na fimbo hatampiga Damas peke yake. Atakuwa amenipiga mimi, na safari hii hapatakuwa na mazoezi ya kuniinua.

Nisalimie mke wako, Kaka, na shangazi yetu anayetunza watoto, na mjomba mfua vyuma aliyenifundisha kutengeneza nira. Mama, usilie tena kwa ajili ya mguu huu. Unanibeba.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja jibu la nyumba nzima,

Luhende