Maua Niliyokung'olea, Mama

Mama mpenzi, salaam aleikum,

Vumbi la Isiolo linaingia hadi kwenye kope, lakini chai ya maziwa ya ngamia inanisahaulisha yote. Leo asubuhi na mapema mwenyeji wangu, Mama Guyo, amenipeleka kwenye maboga yake kando ya mto. Alichuma ua lenye kikonyo chembamba, akaambua petali zake, ikabaki ile ncha ya katikati iliyojaa chavua ya njano. Kisha akaisugua taratibu, kama anayempaka mtoto wanja, ndani ya ua jingine lenye kiboga kidogo chini yake.

"Hii ni bwana, hii ni bibi," akasema. "Nyuki zilienda na kiangazi. Saa hii nyuki ni mimi."

Nikamwambia kwamba kwetu, shambani kwako, hayo ya kikonyo chembamba mimi huyang'oa yote, maana hayazai, yanakula tu nguvu za mmea.

Akaacha kazi, akanitazama. "Unatoa bwana zote? Sasa mama yako atapata boga wapi?"

Mama, misimu miwili sasa viboga vyako vinanyauka vikiwa vidogo kama kidole gumba, nawe ukasema shamba limezeeka pamoja nawe, heri uliache. Halijazeeka, wala wewe. Ni mimi niliyekuwa nikiamka mapema kukusaidia.

Mvua ikinyesha, panda tena. Na mimi unifungie ndani hadi saa nne, maua yakishajifunga.

Mwanao akupendaye na kukuomba radhi,
Zainabu