Ukoo Unaocheka Msibani

Jumatatu, 1 Julai 1996
Mizani imesawazishwa saa moja na nusu. Kahawa ya leo hapa Mbinga kavu. Karani wa chama cha ushirika, ng'ambo ya barabara, bado ananitazama kama nimemwibia mke. Sikuleta soko huria mimi. Nimeajiriwa tu na mnunuzi binafsi.

Jioni Mzee Kastori, mshenga wangu, amerudi kutoka Lundo, huko ziwani. Wazazi wa Esteria wameuchunguza ukoo wangu. Hakuna wezi, hakuna wachawi, hakuna kifafa. Kosa moja: upande wa baba hucheka msibani.

Ni kweli. Babu alicheka akimzika bibi. Baba alicheka mpaka padri akafunga kitabu. Si furaha. Machozi yanawatoka, sauti tu ndiyo ya kicheko. Kijiji chetu kizima cha Matiri kinajua.

Jumatano, 3 Julai
Nimeandika utetezi, kurasa mbili. Hoja kuu: sikukulia Matiri. Tangu nikiwa na miaka miwili nimelelewa Namswea na Mama Mdogo, ambaye sijawahi kuyaona meno yake yote. Kicheko huigwa, kama kunusa ugoro.

Nimemsomea Mzee Kastori. "Mwanangu, bata hata alelewe na kuku, matope atayafuata."
Nikamwambia kasuku hazaliwi akisalimia watu.
Akasema hajawahi kuona kasuku.

Jumapili, 7 Julai
Baba yake Esteria hataki karatasi. Atanitazama kwa macho yake, kwenye msiba wa kwanza utakaotokea kwao. Nikicheka, barua ya posa inarudi.

Bibi yake Esteria yu mahututi. Leo misani nimemwombea apone. Sijui nilimwombea yeye au nilijiombea mimi. Naona aibu.

Jumanne, 16 Julai
Bibi ameamka, ameomba uji. Aliyefariki ni mdogo wa mumewe, fundi wa mitumbwi. Sikutegemea.

Nimejaribu mbele ya kioo. Kung'ata ulimi: unauma, na uso unaonekana wa mlevi. Pilipili kinywani: nilipiga chafya. Kufikiria bei ya kahawa ikishuka: inafaa sana. Kesho nateremka na Mzee Kastori kwa lori la asubuhi.

Alhamisi, 18 Julai. Lundo
Nimeharibu.

Kilio cha asubuhi nilikishinda. Sala niliishinda. Baba yake Esteria alinitazama mara kadhaa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikaanza kujipongeza.

Ndipo wakaja watani wa ukoo. Kwa Mama Mdogo tulikuwa tunaondoka msibani kabla watani hawajaanza, kwa hiyo sikuwahi kujua kazi yao. Mmoja, mama mnene, alivaa koti la marehemu, akaingia kaburini na kuanza kugomba kwa sauti ya marehemu: "Nani kapima hili? Mimi nimechonga mitumbwi maisha yangu yote, leo mnanipa kihori chembamba hivi? Ongezeni upana, na mlete dagaa usipa wa kuchoma, safari ni ndefu!"

Watu walianguka. Mjane alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. Hata katekista.

Mimi nilishusha bei ya kahawa. Nikaishusha tena.

Yule mama akaniona. "Na huyu wa milimani? Jamani, mmeleta maiti mbili?" Wakaninyanyua, wakanilaza kando ya kaburi, wakanipaka majivu, wakanililia kwa jina langu. Sikucheka. Kahawa ilikuwa inagawiwa bure.

Pole pole kicheko kikafa chote. Mjane akaanza kulia upya. Esteria alitazama chini. Baba yake alisema neno moja: "Basi."

Ijumaa, 19 Julai
Barua inarudi. Mzee Kastori amenieleza akichokoa meno: "Damu yako walikuwa wanaanza kuisamehe. Sasa wanayaogopa malezi yako."

Watani huwabebea wafiwa uzito. Msaada huo niliukataa mbele ya watu. Mjinga mimi. Esteria hajanisogelea siku nzima. Nampenda, na hilo halijamo katika kurasa zangu mbili.

Jumamosi, 20 Julai
Nilikwenda kumuaga mjane. Shikamoo, bibi, naomba radhi. Mjane akanikalisha. Akaanza kunisimulia habari za mumewe. Mtumbwi wa kwanza alimchongea yeye. Siku ya kuuzindua marehemu alisimama ndani yake akihutubia kijiji juu ya ubora wa mti ule. Ukazama taratibu. Hakuacha kuhutubia. Maji yalipofika kidevuni akasema, "Kama mnavyoona wenyewe."

Hapo ndipo nilipomjua, na ndipo nilipojua kwamba hayupo. Kikatoka. Kicheko cha Matiri chote, na machozi, na kamasi. Nikashindwa kukizuia. Nikapiga magoti. Mjane akanishika kichwa, naye akacheka hivyo hivyo.

Baba yake Esteria alikuja mbio kutoka uani. Akasimama. Akatutazama.
"Sasa," akasema, "umefika msibani."

Jumanne, 30 Julai
Mvua nyepesi Mbinga, isiyo ya msimu. Kahawa chache.

Posa imekubaliwa. Ndani ya bahasha ya jibu Esteria ameweka kikaratasi chake, mstari mmoja: watoto wetu, watani wakianza, tutaondoka nao au tutawakalisha mbele?

Nimekaa na swali hilo mpaka chai ikapoa. Nimejibu: mbele.