Siku Niliyokaribishwa Nyumbani Kwangu

Rulenge, Ngara
20 Julai 2025

Mpendwa dada Scolastica,

Shikamoo dada. Natumaini baridi ya Njombe haijakumaliza na kwamba shemeji Ansbert ameacha kulalamikia mgongo. Sisi huku tu wazima, mimi na wanangu wawili. Joyness amerefuka, karibu tutalingana. Nice yuko darasa la tatu, meno ya mbele yameshaota, na maneno ndiyo usiseme. Mafua yalitupitia sote mwezi uliopita, sasa yamekwisha.

Utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi za simu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanishinda. Wewe unaongea, mimi naitika "ndiyo dada, ndiyo dada," tukikata najikuta nimekubali jambo nisilolitaka. Tangu utotoni ndivyo ulivyo, usikatae. Barua anakuletea Minani, dereva wa lori la maharage linalokuja Makambako. Mpe chai, ni mtu mwema.

Nimelifikiria sana wazo lako la kumchukua Nice akae kwenu mpaka nitengemae. Uliuliza, mwanaume mjane, hana kazi, ana deni la benki, atamleaje mtoto wa kike wa miaka minane? Na akitoka shule mchana, nani atamwangalia? Uliuliza kwa upendo, lakini iliniuma. Iliniuma zaidi kwa kuwa sikuwa na jibu. Leo ninalo, ila nianzie mbali kidogo, univumilie.

Kazi yangu ya stoo kule kwenye kambi ya wakimbizi Kibondo iliisha mwezi wa pili, hilo unalijua. Shirika lilipunguza watu, na sisi wa stoo tukawa wa kwanza. Mshahara ulikoma, rejesho la mkopo halikukoma. Nyumba niliyoikopea ndiyo dhamana yenyewe, hati iko benki. Kwa muda nilijificha. Simu ya afisa mikopo ikiita, naigeuza kifudifudi juu ya meza. Siku moja Joyness akaniuliza, "Baba, kwani ukiigeuza hawakudai?" Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake nikapanda gari hadi Ngara mjini, nikaenda mwenyewe kabla hawajanifuata na tangazo la mnada. Tunasema dawa ya deni ni kulipa, lakini kumbe dawa ya kwanza ni kuonana na anayekudai. Walikubali kurefusha muda na kupunguza rejesho la mwezi, kwa sharti niwapelekee mkataba wa mpangaji ili wajue fedha itatoka wapi.

Sasa hili sikukuambia kwenye simu: nyumba kubwa nimeipangisha. Anakaa tabibu wa hospitali, anaitwa Idrisa, mtu wa Biharamulo. Ameichukua pamoja na makochi. Mimi na watoto tumehamia jiko la nje, lile la uani lenye vyumba viwili. Kimoja tunapikia, kingine tunalala, tumekigawa kwa kitenge cha marehemu mama yao. Kodi inalipa sehemu kubwa ya rejesho. Iliyobaki naitafuta siku za soko, nawahesabia na kuwapangia magunia wafanyabiashara wa maharage, na kuna migomba yetu ya Murukulazo. Usilie, dada. Nakujua.

Nilizoea kusema nyumba ile niliijenga kwa ajili ya watoto. Ni kweli, lakini niliijenga kwa ajili ya barabara pia. Nilitaka watu wakitoka misa ya kwanza wapite pale waseme, ile ni ya Projestus, mtoto wa Murukulazo. Tulipohamia jikoni nilikuwa najichelewesha kanisani makusudi, najifanya nina mazungumzo na katekista, ili barabara iwe tupu ndipo nizunguke nyuma. Mtu mzima na ndevu zake anajificha asionekane akienda kwake!

Halafu namkumbuka mama mmoja kambini, Nimpaye, aliyekuwa na watoto wanne chini ya turubai moja. Turubai lile nilimpa mimi. Nilikuwa nawaambia watu wa pale, "Vumilieni, ni kwa muda tu," tumbo langu limeshiba na mshahara uko njiani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Juzi nimewaambia wanangu maneno yaleyale, nikayasikia jinsi yalivyo mepesi. Nimpaye alikuwa akifagia mbele ya turubai lake kila asubuhi mpaka unaona haya kukanyaga. Siku hizi na mimi nafagia.

Ngoja nikusimulie kilichonipata, ucheke kidogo.

Jioni moja nilikuwa natoka shambani Murukulazo, nimechoka, akili imebaki kwenye migomba. Miguu ikanipeleka ilikozoea. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, nikaingia bila hodi, nikaketi kwenye kochi langu, nikaanza kuvua mabuti. Buti moja limeshatoka, nikasikia mtu anakohoa. Mama mtu mzima amesimama mlango wa chumbani, kajitanda ushungi. Nikapata neno moja tu, "Shikamoo mama." Naye, bila hata kushtuka, "Marahaba baba, karibu. Idrisa bado yuko wodini, wagonjwa hawaishi. Ngoja nikupakulie, usikae na njaa."

Alikuwa mama yake tabibu, Bi Sauda, ameingia kutoka Biharamulo mchana uleule. Hakuniuliza mimi ni nani wala nimefuata nini. Kwao mgeni anakula kwanza, maswali baadaye. Nami ningesema nini? Samahani mama, nimekosea nyumba, na nyumba ni yangu? Nikanawa. Akaniletea ugali wa muhogo na samaki mkavu wa kuungwa. Dada, nilikula! Nilikuwa mgeni wa heshima sebuleni kwangu, mguu mmoja na buti, mwingine na soksi iliyotoboka.

Lakini dirisha la sebule linatazama uani. Niliwaona wanangu wakipuliza moto, sufuria ya ndizi iko mafigani, Joyness anatazama njia ninayopitia siku zote. Nikarudisha tonge sahanini. Kabla sijanyanyuka, Nice akachungulia mlango wa nyuma. Akanitazama mimi, akatazama sahani, akasema kwa sauti ya kunisuta kabisa, "Baba, mbona unakula kwa watu na sisi tunakusubiri nyumbani?"

Kwa watu! Chumba kile ndicho alichojifunzia kutembea, huku akishikilia kochi lilelile nililolikalia. Kumbe mtoto alikwisha kuhama siku tulipohama. Kwake nyumbani ni pale penye moto wetu. Aliyebaki anaranda sebuleni kwa watu ni mimi peke yangu.

Bi Sauda alipojua ukweli alimgombeza mwanawe mpaka nikamwonea huruma. "Mwenye nyumba analala jikoni, wewe umejinyoosha kwenye makochi yake, na hukuniambia!" Tabibu akajitetea, "Mama, ndiyo mkataba wenyewe." Jioni iliyofuata tukasikia hodi uani, ni Bi Sauda. Tangu hapo hakai tena sebuleni, anasema moto wa gesi hauna mazungumzo. Ameamua kubaki Rulenge. Nice akitoka shule anamkuta kwenye kigoda, wanachambua maharage pamoja, na nikichelewa sokoni mtoto ameshaoga na kula. Yeye ni Mwislamu wa swala tano, lakini Jumapili ndiye anayegonga mlango wetu mapema, "Amkeni, misa itawapita." Kwa hiyo swali lako la nani atamwangalia Nice mchana, Mungu amelijibu kwa njia ambayo mimi nisingeibuni.

Na hata hivyo nilikuwa bado nayumba. Baada ya simu yako ya mwisho, nilikuta begi la shule la Nice limevimba. Nikalifungua. Sare mbili, sweta, rozari ya mama yake, vyote vimekunjwa vizuri. Kumbe alitusikia. Nikamwita, nikamwuliza kama anataka kwenda kwa shangazi. Akatikisa kichwa. Sasa nguo umezipanga za nini? Akasema, "Nimepanga mwenyewe ili wewe usihangaike kunipangia."

Dada yangu, nilitoka nje nikajifanya napasua kuni.

Jibu langu ni hapana. Nisamehe, si kwamba sikuamini. Wewe ndiye uliyenilea mama alipougua, na kama kuna mikono ninayoiamini duniani ni hiyo yako. Najua pia hali yetu si ya uhakika. Tabibu akihamishwa kesho na mpangaji mwingine akakosekana, benki itaiuza nyumba, na nitaiacha iende. Tutarudi Murukulazo tuanze upya kwenye shamba la baba. Nitaumia, sitakudanganya. Lakini nyumba nimeweza kuipangisha, dada. Mtoto hapana.

Badala yake naomba uje wewe. Njoo Krismasi ukae nasi, hata kama ni jikoni. Chumba cha wageni nilichokuahidi wakati najenga, chenye dirisha la kutazama kilima, sasa analala Bi Sauda. Nilijaribu kukuomba radhi kwa hilo kwenye simu mara nyingi, nikaishia kukuitikia "ndiyo dada."

Msalimie sana shemeji Ansbert na wanangu wote wa huko. Shangazi Domisiana wa Kanazi anakusalimu, anauliza lini utamletea blanketi ulilomwahidi. Nimemwambia aandike mwenyewe. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Projestus

Nice amelilia nafasi hii ya chini, nimemwachia.

Shikamoo shangazi. Ukija usiingie mlango wa mbele, ni kwa tabibu, utapewa ugali. Pita nyuma. Utalala upande wangu wa ukutani, moshi haufiki. Mimi nitalala na dada Joyness. Leta viazi. Nguo zangu nimeshazitoa kwenye begi nimezirudisha kwenye kamba.