Kitabu Kilichofutwa Maili Moja

Jumanne, 10 Juni 2025

Kitabu hakipo. Naandika kwa kalamu, laptop siitaki hata kuiona.

Ilikuwa nzito, nikaipeleka kwa Hashiru, fundi wetu hapa Maili Moja. Leo kanirudishia huku anatabasamu – dada, nimekupigia windows mpya, sasa inapaa! Inapaa kweli, haina cha kubeba. Nikamuuliza mafaili yangu yako wapi. Kashangaa yeye. Hukusema kuna vitu, dada, wenzako huwa wanasema.

Miaka mitatu! Sura zote, na sauti ya Mama akisimulia walivyohama wakiswaga ng'ombe kutoka Shinyanga hadi Marui, kijijini kwetu. Sauti nilizitoa kwenye simu kwa sababu simu ilijaa. Flash ninayo. Niliogopa ina virusi. Mwalimu mzima mimi.

Jumatano, 11 Juni

Hashiru kajaribu programu ya kufufua mafaili. Kafufua picha za harusi ya watu nisiowajua – laptop yenyewe ya mtumba. Nimemtazama bibi harusi wa watu akikata keki, nikalia pale pale kibandani kwa fundi.

Mhariri wa kitabu kaniuliza kwa nini sikumtumia hata sura moja. Nilitaka kiishe kwanza. Kasema maji yakimwagika hayazoleki. Asante, nilikuwa sijui.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejaribu kuanza upya. Nimeandika mistari minne, nimefuta mitano.

Nilianza na sura ya Yunis kwa kuwa ndiyo niliyoipenda. Dada yangu mkubwa, aliyetutoroka njiani, Kilosa, na dereva wa lori, mimi nikiwa bado mgongoni kwa Mama. Mbele ya Baba jina lake halitajwi. Sura ile ilikuwa ya kuchekesha – lori, vumbi, msichana na kilemba cha kuazima. Leo haichekeshi hata kidogo. Nimechoka mpaka vidole.

Mama kapiga simu. Nikamweleza. Kauliza, "Sauti yangu ile haipo tena? Hata kwa huyo fundi?" Haipo, Mama. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayejaribu mlango kama umefungwa. Haipo popote. Kisha kasema njoo Jumanne, baba yako atakuwa mnadani, nitakusimulia upya.

Masikini Mama. Ananionea huruma.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala tu. Hata kanisani sikwenda.

Jumanne, 17 Juni. Marui

Bodaboda kutoka Kisarawe, mchanga mtupu, mgongo umekwisha. Shikamoo, marahaba, uji. Baba alikuwa ameshaondoka na fahali wawili wa kuuza.

Nikatoa simu nirekodi. Mama akasema, "Zima hiyo kwanza, Martina."

Nikazima. Alikuwa anamenya mihogo, hakuniangalia.

"Dada yako hakutoroka."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Hapakuwa na lori wala dereva. Ng'ombe walikufa Kilosa. Ugonjwa. Walibaki wa kuhesabu kwa mkono mmoja. Kulikuwa na mzee mmoja pale, mfugaji mkubwa, ana wake wawili. Baba yako akaenda kuongea naye." Akakata muhogo. "Ng'ombe tuliofika nao huku, mwanangu, si wale tuliotoka nao."

Yunis alikuwa darasa la sita. Alimshika Mama kanga mpaka ikachanika.

Nikamuuliza kwa nini mara ya kwanza hakusema hivi. Kasema sauti ile ingekaa kwenye mashine, Baba angeisikia, wajukuu wangeisikia, asingeweza kuirudisha. Kisha watu wangesema Maige, yaani Baba, alikula mahari ya mtoto. Lakini fundi alipofuta – alicheka kidogo, kicheko kibaya – "nikaona Mungu kanipa nafasi ya pili, nami ninazeeka."

Na mimi nikamcheka Yunis kurasa nzima! Nilimvika na kilemba. Karo yangu yote ilitoka kwenye zizi lile. Ualimu wangu, laptop yenyewe. Nimeona aibu. Wala simchukii Baba, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nimemwambia Mama sijui kama nataka kuandika tena. Kasema sikukuita ili usiandike.

Baba karudi mapema, mnada haukuchangamka. Nimekuja kukaa nyuma ya nyumba niandike haya kabla hayajanipotea nayo. Namsikia anaswaga fahali wake zizini. Sasa ameketi kule barazani na uji wake, sauti yake ina furaha, anamtania Mama eti mwandishi wake amekuja kula bure. Ananiita. Habari za kufutwa kwa kitabu anazo; anauliza mmeanza upya kweli, na mmefika wapi?

Mama yuko mlango wa nyuma na sinia la mihogo. Ananiangalia mimi.

Baba kauliza tena – mmeshafika Kilosa?